Chatu wa Nyuma ya Tanuri

Rajinder alikufa Jumatatu asubuhi, ameketi juu ya magunia ya unga, kikombe cha chai kando yake bado kinatoa mvuke. Hakuugua, hakulalamika. Mwaura, aliyekuwa mwokaji wake kwa miaka ishirini na miwili, alimkuta ameinamisha kichwa akadhani mzee amepitiwa na usingizi, akatembea kwa ncha za vidole robo saa nzima asije akamwamsha. Ndivyo alivyoondoka, na kama ulimjua utakubali kwamba kifo kile kilimfaa, maana hakuna kitu alichochukia yule mzee kama kusumbua watu.

Ila alisumbua. Alimwacha mkewe Vimla, ambaye hakujua hata ufunguo wa ghala unakaa wapi. Alimwacha binti yake wa pekee, Darshana, wa miaka arobaini na mmoja, aliyerudi nyumbani baada ya ndoa ya Nairobi kumshinda, na ambaye siku hizi ndiye aliyeshika duka la mkate. Aliacha tanuri la kuni lililojengwa na baba yake kwa matofali meupe ya Kariandusi. Na nyuma ya tanuri, kwenye chumba chenye mlango wa wavu, alimwacha chatu wa futi kumi na tano.

Wewe shtuka ukitaka, lakini mtaa wote ule wa chini ya stesheni ulikuwa umemzoea. Alikuwa jike, jina lake Rani. Alifika Nakuru akiwa na urefu wa mkono wa mtu, amejificha ndani ya lori la kuni za mgunga kutoka Marigat kule Baringo, na Mwaura alikuwa ameshainua shoka Rajinder aliposema, "Hebu ngoja kidogo." Kungoja huko kukawa miaka kumi na tisa. Mzee alihangaika mpaka akapata kibali cha serikali cha kumfuga, akakitia kwenye fremu, akakitundika kando ya picha ya baba yake. Kwake vitu hivyo viwili vilikuwa na heshima sawa.

Nakuru si mahali pa chatu. Asubuhi za Julai baridi inashuka kutoka Dundori inakuingia mpaka kwenye mifupa, na mnyama wa aina ile hana joto lake mwenyewe, analiazima. Rani aliliazima kwenye ukuta wa tanuri, ambalo moto wake ulikuwa haujakaa siku mbili bila kuwaka tangu Darshana akiwa shule ya msingi. Ukiegemea ukuta ule wa nyuma, hata saa kumi na moja alfajiri, ungetaka kulala.

Na kila asubuhi, mkate wa kwanza ukishatoka, Rajinder aliingia mle na kiti chake cha plastiki akaongea na Rani kwa Kipunjabi. Mtu ambaye mezani hakusema zaidi ya "chumvi" na "asante", mle ndani alimimina maneno. Darshana, akiwa nje anapanga kreti, alimsikia baba yake akimweleza nyoka jinsi alivyoogopa siku ile binti alipopiga simu kutoka Nairobi akilia, alivyokaa na funguo za gari mkononi usiku kucha asijue aende au asiende. Hayo hakumwambia binti yake hata siku moja. Alimwambia Rani, na mzee alijua vizuri sana nani yuko nje na kreti.

Sasa umeelewa kwa nini Darshana hakutaka Rani aende popote. Si kwamba alimpenda. Kusema ukweli alimwogopa, na alikuwa hajawahi kumgusa zaidi ya mara tatu. Lakini kila kitu baba yake alichowahi kumwambia cha maana kilipitia kwa yule nyoka, na alihisi kwamba siku Rani atakapotoka mlangoni, baba yake atakuwa amefunga mdomo kabisa.

Siku ileile ya msiba, kabla mwili haujatolewa, Vimla alisema moto uzimwe. Kwa watu wao ndivyo ilivyo: nyumba ikifiwa, jiko haliwashwi mpaka matanga yaishe, na chakula kinaletwa na majirani. Kwao siku ni kumi na tatu. Na kwa kuwa familia iliishi ghorofani na duka liko chini yao, paa moja, Vimla alisema tanuri nalo ni jiko. Hakuna aliyembishia. Nani ana uso wa kumbishia mjane wa saa mbili? Mwaura aliuzima moto kwa mikono yake, akifuta macho kwa aproni, kisha akapewa ruhusa aende kwao Dundori mpaka atakapoitwa.

Kulikuwa na sharti lingine. Mpaka siku ya kumi na tatu, hakuna kitu cha marehemu kinachotolewa, kugawiwa wala kuamuliwa. Kalamu yake, viatu vyake, gari lake, vyote vikae pale alipoviacha. Kuluthum, jirani wa ng'ambo ya barabara, akaanza kuvuka asubuhi na jioni na sufuria za dengu na chapati zilizofunikwa kwa kitambaa, na Vimla akakaa ghorofani juu ya mkeka mweupe, akihesabu tasbihi yake, akipokea wageni.

Alhamisi akaja Jepkoech, afisa wa wanyamapori. Kila mwaka alikuwa akija kumkagua Rani na kunywa chai na mzee, kwa hiyo alianza kama mtu aliyekuja kutoa pole tu. Alivua kofia, akaketi na Vimla dakika ishirini bila kutaja kazi. Ndipo akashuka na Darshana hadi kwenye mlango wa wavu.

"Darshana, pole tena. Hii maneno sipendi kuisema leo, lakini ni lazima," alisema. "Kibali ilikuwa kwa jina ya mzee. Mzee ameenda, kibali imeenda na yeye. Ama wewe uombe yako, ama tumchukue. Kuna mahali kule Baringo, iko na joto, iko na watu wanajua hawa wanyama. Na leo niko na gari hapo nje na vijana wanne."

"Leo?"

"Leo ikiwezekana. Sikulazimishi."

Darshana alishika wavu. Alimtazama Rani, aliyejiviringa kwenye kona kama tairi la trekta, akakiona kiti cha plastiki kikiwa tupu.

"Kwetu hakuna kitu ya marehemu inatoka kabla ya siku kumi na tatu," alisema. Ilikuwa kweli. Pia kilikuwa kisingizio, naye alijua ni kisingizio hata kabla hajakimaliza.

Jepkoech aliitikia kwa kichwa. Alikuwa mtu wa kuheshimu mila za watu. Lakini kabla ya kutoka aliweka kiganja ukutani, akakiacha hapo, akakunja uso.

"Hii ukuta inapoa."

"Ni sababu ya matanga. Tumezima kidogo."

"Mtawasha lini?"

"Kesho," Darshana akasema.

Kesho! Jamani. Hata yeye hakujua lile neno lilitoka wapi. Alijua fika kwamba mama yake hatawasha kesho, wala keshokutwa, wala wiki hiyo. Lakini gari lilikuwa pale nje na injini inanguruma, na vijana wanne wameegemea boneti wakila njugu, na mdomo wake ukajisemea wenyewe.

Jepkoech alivaa kofia yake. "Sawa. Kesho si mbaya. Usiache ipite hapo."

Usimlaani Darshana mapema. Matofali ya Kariandusi yanajulikana kwa kukawia kupoa, na alipoweka shavu ukutani siku ya Ijumaa alihisi uvuguvugu. Jumamosi alihisi uvuguvugu pia, au alitaka kuuhisi, na mtu akitaka kitu sana ngozi yake humdanganya bila kuombwa. Alijiambia kwamba nyoka hukaa miezi bila kula. Alijiambia kwamba huko porini kuna baridi pia. Alijiambia mengi.

Kila asubuhi aliingia mle akaketi kwenye kiti cha baba yake. Rani hakusogea. Ule ulimi wake, uliokuwa ukitoka na kuingia baba alipoongea, haukuonekana tena. Macho yalikuwa wazi yakitazama mahali pamoja. Nadhani wewe na mimi tungeona ni mnyama anayeganda. Darshana aliona ni mnyama anayeomboleza.

"Na wewe pia?" alimuuliza Ijumaa, kwa Kipunjabi, akaona haya kwa kuongea na nyoka.

Jumamosi haya ilikuwa imepungua. Alimweleza Rani habari za mume wake wa Nairobi, mambo ambayo hakuwahi kumwambia mtu, wala mama, wala daktari. Alilia kidogo. Rani alikuwa ametulia tuli, na utulivu ule ulimpa Darshana nafasi ya kumaliza kila sentensi. Alitoka mle akiwa mwepesi. Akafikiri, kumbe hiki ndicho alichokuwa akikipata baba, Papaji wangu, humu.

Lakini kuamua hakukuwa rahisi hivyo, usifikiri alikuwa mtoto. Alikaa juu ya magunia akabishana na nafsi yake kama anavyobishana na wateja wakaidi. Nitafika miaka hamsini, mwanamke asiye na mume, nafuga chatu, watu watasema nini? Watasema wanachosema sasa. Nitaweza kumlisha? Mwaura atanisaidia. Akiugua? Nitampigia Jepkoech. Na je, si ni haki yake aende Baringo, mahali pa joto, alikotoka? Hapo ndipo alipokwama, kila mara hapohapo, na kila mara aliliruka lile swali kama mtu anayeruka mtaro barabarani. Jumapili jioni alikuwa ameshakata shauri. Alienda kwa mtu wa saiba, duka la intaneti, akachapisha fomu ya maombi, akaijaza kwa mwandiko wake mzuri, jina la mnyama, umri, urefu, sababu ya kumfuga. Kwenye sababu aliandika "familia".

Akapanda kwa mama yake. "Mama, nimeamua. Rani atabaki. Nitaomba kibali kwa jina langu."

Vimla hakuinua macho kutoka kwenye tasbihi. "Siku ya kumi na tatu, beti, binti yangu."

"Lakini nimeshaamua."

"Nimesikia. Siku ya kumi na tatu."

Jumatatu kulikuwa na harufu nyuma ya tanuri. Darshana alidhani ni panya aliyefia chini ya magunia. Alisogeza mawili matatu, hakuona kitu, akaacha.

Jumanne, siku ya tisa, saa tatu asubuhi, akaja Mwaura kutoka Dundori na gunia la viazi na mtungi wa maziwa, maana mtu hawezi kukaa wiki nzima bila kurudi kuona waliofiwa. Aliingia kwa mlango wa nyuma kama alivyozoea. Alifika kwenye wavu, akasimama, akavuta pumzi kwa pua, na mtungi ukamponyoka nusura umwagike.

"Madam! Mbona huku ni baridi hivi? Hamkumuwekea hata jiko ya makaa?"

"Hakuna moto, Mwaura. Unajua matanga."

"Najua matanga. Nilidhani mtafanya maarifa." Alikuwa ameshika wavu kwa vidole vyote kumi. "Madam, Rani alikula."

"Alikula lini?"

"Ile Jumatatu! Mzee alimlisha alfajiri, kabla ya chai yake. Sungura watatu, wakubwa. Mimi ndiye nilileta."

Hapa inanibidi nikueleze jambo. Vimla alikuwa mtu wa mboga, na si mboga ya mchezo. Mkate wa duka lao hauna yai. Wakati mmoja mpangaji wa nyuma alikaanga omena, vile visamaki vya ziwani, na Vimla aliosha ngazi kwa ndimu siku tatu. Kwa hiyo mambo ya Rani na tumbo lake hayakutajwa katika nyumba ile. Ilisemwa tu kwamba anakula panya wa ghala, na Vimla aliambiwa hivyo, akaitikia hivyo. Ukweli ni kwamba kila baada ya miezi miwili hivi Mwaura alileta sungura kwenye gunia, juu yake amefunika sukuma wiki, na wanaume wale wawili wakafunga mlango. Darshana alijua kwa namna ile mtu anavyojua jambo ambalo amekubali kutolitazama. Hakuuliza lini, hakuuliza wangapi. Ni familia ya adabu sana, ile. Kila mmoja alikuwa akimstahi mwenzake.

Darshana alimpigia Jepkoech. Simu ilipokelewa katikati ya upepo. Afisa alikuwa Olenguruone, nyati wameingia mashamba ya watu.

"Alikula Jumatatu ile?" Jepkoech aliuliza. "Na mliwasha moto siku gani?"

Darshana aliugeukia ukuta.

"Darshana. Mliwasha siku gani?"

"Hatukuwasha."

 Kisha Jepkoech akaongea polepole, bila hasira, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko hasira. Alieleza kwamba tumbo la chatu linafanya kazi kwa joto. Joto likikosekana, nyama inakaa tu mle ndani na kuoza, na uozo unaingia damuni. "Usimsogeze. Ukimbeba sasa atatapika, na hana nguvu ya kutapika, itamziba. Washa tanuri. Washa sasa hivi. Mimi siwezi kutoka huku leo, kuna mtu ameumizwa. Nitakuja kesho."

Washa tanuri. Darshana alisimama chini ya ngazi akatazama juu, akaona ukingo wa mkeka mweupe wa mama yake. Alipandisha mguu kwenye kidato cha kwanza. Akaona itakavyokuwa: atamwambia mjane wa siku tisa avunje matanga ya mumewe kwa ajili ya nyoka, halafu amwambie kwamba mume huyo alikuwa akiingiza nyama nyumbani mwake miaka kumi na tisa kwa siri. Alishusha mguu.

Badala yake akatafuta hita ya stima ya Kuluthum, ile ya nyaya mbili nyekundu. Chumba cha Rani hakina soketi, kwa hiyo wakaunganisha waya kutoka dukani, wakaupitisha chini ya mlango. Hita ikapasha eneo la ukubwa wa sinia. Paa ni la mabati, na juu ya kuta kuna nafasi ya kupitisha hewa. Kuluthum akachemsha maji kwake, wakajaza chupa za plastiki, wakazifunga kwa taulo, wakazipanga kandokando ya mwili wa Rani, na Mwaura akazibadilisha kila zilipopoa. Saa nane mvua ikaanza kunyesha, na stima ikapotea. Saa tano nzima zilikuwa zimepita. Darshana alimgusa Rani kwa mara ya nne maishani mwake, na alikuwa baridi kama sakafu.

Hapo ndipo alipopanda ngazi. Alipiga magoti mbele ya mkeka, akasema yote kwa mkupuo mmoja, sungura, gunia, sukuma wiki, Jumatatu, tumbo, joto, macho yake yakiwa chini. Akangoja kukemewa.

Vimla aliweka tasbihi chini. Aliinuka kwa taabu, magoti yake mabovu, akaenda mbele ya picha ya mumewe palipowaka kijitaa cha samli, akachukua kiberiti. Akashuka ngazi akishika ukuta.  Alipita kaunta, akapita magunia, akainama mbele ya mdomo wa tanuri. Mwaura alikuwa ameshapanga kuni za mgunga. Njiti ya kwanza ilizimika. Ya pili ilivunjika. Ya tatu ikashika.

Moto ukawaka. Ulivuma mle ndani kwa kelele, Mwaura akiulisha kuni bila kupumzika, mbele ya tanuri hapakaliki. Lakini tanuri lile si sufuria. Likipoa kabisa, joto linataka siku mbili kupenya matofali mpaka ukuta wa nyuma, na hilo wote watatu walilijua, maana walilisikia kwa Rajinder miaka yote. Wakaenda nyuma, wakaweka viganja ukutani. Wakasikia moto ukinguruma upande wa pili, nguvu zote zile, na chini ya mikono yao tofali lilikuwa baridi.

Walikaa hivyo mpaka jioni. Walirudi Jumatano asubuhi wakakaa tena. Hakuna cha kufanya kingine, na hicho chenyewe hakikuwa kitu. Darshana alikuwa akisukuma ukuta bila kujijua, kama mtu anayesukuma gari lililokwama. "Fanya haraka," alisema, kwa sauti, kwa tofali. Mwaura aligeuza uso.

Rani alitapika saa nne. Sitakueleza harufu. Alifungua kinywa mara nyingine mbili, taratibu sana, na ya tatu hakukifunga. Vimla, aliyekuwa kwenye kiti cha plastiki, ndiye aliyeona kwanza. Alivuta ncha ya shuka yake nyeupe akajifunika kichwa.

Jepkoech alifika saa saba, viatu vimejaa tope la Olenguruone. Alipima, akapiga picha, akaandika. Darshana alisimama kando yake.

"Nilikudanganya siku ile. Nilisema kesho."

"Alhamisi nilikuwa na gari," Jepkoech alisema. Basi. Hakuongeza, hakupunguza, akaendelea kuandika.

Darshana aliuliza kama wanaweza kumzika pale nyuma, penye mti wa mpapai. Jepkoech akatikisa kichwa. Hata akiwa amekufa ni mali ya serikali, lazima apelekwe, apasuliwe, sababu iandikwe. Darshana aliuliza pia chatu huwa wanaishi miaka mingapi, na hapo hapo akatamani asingeuliza. Thelathini, Jepkoech alisema, wakitunzwa. Vijana wanne walimlaza Rani juu ya turubai, wakashika pembe, wakambeba kupitia dukani kwa sababu mlango wa nyuma ni mwembamba. Nje watu walikuwa wameshaona moshi na kudhani matanga yameisha. Foleni ndogo ilikuwa imejipanga, wengine na vikapu, wakapisha turubai lipite kisha wakaulizia mkate. Mwaura aliwaomba radhi akafunga mlango.

Darshana alirudi nyuma akamkuta mama yake bado ameketi kwenye kile kiti, mkono ukutani.

"Nisamehe, Mama. Nimekuvunjia matanga bure. Na ile habari ya sungura, Papaji hakutaka kukuumiza, alikuwa..."

"Darshana." Vimla aliongea kwa upole, kama anavyoongea na mgonjwa. "Miaka kumi na tisa mimi ndiye nafua mashati ya baba yako. Manyoya ya sungura hayatoki kwa sabuni. Yanatolewa kwa vidole, moja moja."

Darshana alimkodolea macho. "Ulijua?"

"Nilikuwa nayatoa kabla hajaamka, asije akajua nimeyaona. Angeona aibu."

"Na hukusema kitu?"

"Ninyi mlisema?" Vimla alifuta pua kwa shuka. Machozi yalikuwa yakimtoka sasa, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. "Moto niliuzima kwa ajili ya chakula chetu sisi. Nani alikwambia ningeacha mnyama wake afe? Nilidhani wewe unajua mambo yake, nilidhani mmempangia kitu huku chini, nikasema nisiwaingilie. Ungepanda ukaniuliza, beti. Ungeniuliza siku ya pili ningewasha siku ya pili."

Darshana aliketi sakafuni kando ya kiti. Siku tisa alikuwa amelala kitanda kimoja na mama yake, wamegusana mabega, kila mmoja akijifanya amelala.